Jini Hafanyi Kazi Bure

Ukikulia Likoni, Kisauni au Changamwe, hakuna anayekukalisha chini kukufundisha habari za majini. Wazipata tu, kama unavyopata mafua. Mtu amejenga ghorofa tatu kwa mwaka mmoja, maskani wanasema amefuga. Msichana anakataa kila posa, nyanya yake anasema ana jini mahaba. Magari yamepinduka mara tatu pahali pamoja, basi pale pana mwenyewe. Kuamini au kutoamini ni baina yako na Mola wako. Lakini sikiliza vizuri zinavyosimuliwa. Jini akikupa mali atataka kitu: uzazi wako, usingizi wako, mtoto wa dadako. Msimuliaji akisahau kutaja malipo, lazima mmoja pale barazani atamkata kauli: "Na yeye alitoa nini?"

Hilo ndilo swali nililotembea nalo nikisoma fantasia na hadithi za kisayansi siku hizi, zile mpya zinazotajwa kila mahali na mbili tatu za zamani ambazo hakuna anayezitaja. Sisemi kila kitabu lazima kiwe na damu. Nasema hivi: mwandishi akileta ajabu, kuna mtu anayeilipia, na kitabu kizuri kinamkumbuka mtu huyo mpaka ukurasa wa mwisho. Kitabu kibaya kinachukua mzigo kisha kinatoroka na deni. Yanayofuata ni maoni yangu, na sina haja ya kuyapaka asali.

Nianze na kile ambacho kila mtu amekisoma. Fourth Wing ya Rebecca Yarros ilitoka 2023, ikasambaa TikTok, na sasa hata rafiki yako asiyemaliza ujumbe mrefu wa WhatsApp ameimaliza kwa siku mbili. Violet Sorrengail anaingizwa katika chuo cha vita cha Basgiath kujifunza kupanda majoka. Siku ya kwanza tu, wanafunzi wanapita juu ya ukuta mwembamba na wengine wanaanguka na kufa. Mwendo wake ni wa kasi, hilo silikatai. Nami niliisoma hadi saa nane za usiku.

Tatizo langu ni hesabu. Watu wanakufa katika kitabu hiki kama nzi, lakini ni watu wasio na sura. Jina linatajwa, mtu anaanguka, tunaendelea na mapenzi. Yuko mmoja mwishoni ambaye kifo chake kinauma kweli, na hapo nikaona mwandishi anaweza akitaka. Violet mwenyewe ana mwili dhaifu, viungo vinatoka mahali pake, na maumivu hayo yameandikwa vizuri. Lakini inapofika kwenye ajabu yenyewe, anapewa joka. Kisha anaongezewa la pili. Wengine wote wana moja, yeye mawili, na kwa sababu gani? Kwa sababu yeye ni mwema na ni mhusika mkuu. Barazani hadithi hiyo isingepita. Ingekatwa hapo hapo.

Kutoka majoka nikaenda kwa majini, nikijiambia hapa ni nyumbani. A Master of Djinn ya P. Djèlí Clark, ya 2021, iko Kairo ya mwaka 1912, lakini Kairo ambayo majini wamerudi kuishi na watu, wamesaidia kumfukuza Mwingereza, na sasa wana kazi za mshahara. Fatma, mpelelezi wa wizara inayosimamia mambo ya uchawi, anavaa suti za Kizungu na kofia na anafuatilia mauaji. Hata mkutubi ni jini. Nilicheka sana. Jini kuwa na dawati na saa za kutoka kazini ni wazo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni katika ofisi ya serikali atalipenda.

Ila starehe ilipoisha nikabaki na njaa. Jini aliyefanywa karani amepoteza kitu. Hatishi tena, wala hadai. Kitabu kinaamka pale inapotokea silaha ya kuwatumikisha majini kwa nguvu, na swali linageuka: je, ikiwa anayelipa ni jini mwenyewe? Hilo ni swali zito, na kwa watu wa Pwani, ambao historia yao ina watumwa na mabwana ndani ya mtaa mmoja, ni zito zaidi. Clark analigusa, halafu anarudi kwenye upelelezi, na mhalifu nilimjua kabla ya Fatma. Ni kitabu kizuri cha safari ya basi. Ukishuka, unakiacha kwenye kiti.

Aliyenishangaza ni Shannon Chakraborty. The Adventures of Amina al-Sirafi, ya 2023, ni ya Bahari ya Hindi, karne ya 12. Amina ni nahodha wa kike, haramia aliyestaafu, ana binti mdogo wa kulea na goti linalomsumbua. Tajiri mmoja anamtafuta ampe kazi moja ya mwisho: mjukuu wake amepotea. Amina anarudi kwenye jahazi lake, Marawati, anawakusanya wenzake wa zamani, na safari inapita Aden, Mogadishu na Sokotra.

Kwanza, raha ya kukutana na bahari unayoijua. Si Karibiani, si meli za Wahispania. Ni majahazi, pepo za msimu, na mabaharia wa Kihindi, Kiarabu na Kisomali waliosongamana katika chombo kimoja wakigombana kuhusu chakula. Pili, Amina anaswali, anakosea, anatubu, anakosea tena. Ni mara chache sana nimeona katika fantasia ya Kiingereza mhusika Mwislamu ambaye dini yake ni jambo la kila siku, si pambo wala si mzigo wa kuukimbia.

Lakini kilichonishika ni malipo. Amina amewahi kuolewa na kiumbe kisicho binadamu, Raksh, na Raksh anaishi kwa mapatano. Anampa mtu anachokitamani, kisha anachukua. Kuna rafiki wa zamani wa Amina aliyefanya mapatano hayo, na kivuli chake kimetanda juu ya kitabu kizima. Sitakuharibia. Nasema tu kwamba kila Amina anapofanya utani, na anafanya mno, unajua kuna jina ambalo halitaji kwa wepesi. Huyo ndiye aliyelipa, na kitabu hakimsahau. Kasoro ipo: mwishoni mambo yanapangwa kwa ajili ya juzuu zijazo, na unasikia kabisa mwandishi anavyopakia mizigo. Hata hivyo nitazisubiri.

Sasa Binti, ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Ilitoka 2015 na mwaka uliofuata ikachukua Hugo na Nebula, yaani tuzo mbili kubwa za fani hii. Ni fupi, utaimaliza alasiri moja. Binti ni msichana wa Kihimba wa miaka 16, hodari wa hesabu, anayetoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine. Jina lake linatuchekesha kidogo sisi wa huku, ni kama mtu kuitwa Msichana, lakini unazoea. Kwao ni mwiko kuondoka. Anasafiri akiwa amejipaka otjize, ule udongo mwekundu wa Wahimba, ili abebe ardhi ya kwao mwilini.

Njiani chombo chao, ambacho ni kiumbe hai, kinavamiwa na Wameduse, na karibu kila aliyemo anauawa. Binti anabaki. Okorafor anajua bei. Binti anafika chuoni akiwa si yule aliyeondoka. Nywele zake zimegeuka kuwa kitu kingine kabisa, na ukurasa ambao anakigundua ni wa kutisha kwa upole wake. Ukitaka kutoka, mwili utalipa. Hapo nilivua kofia.

Mimi chuo nilikiacha njiani, kwa hiyo riwaya zinazosifu vyuo nazisoma na jicho kali, na hapa jicho liliona kitu. Sababu ya uvamizi ni kwamba chuo kilichukua mwiba wa chifu wa Wameduse na kuuweka kwenye maonyesho. Binti anazungumza, wasomi wanaona aibu, mwiba unarudishwa, na mmoja wa wauaji anaandikishwa kuwa mwanafunzi. Vizuri sana. Na wale vijana waliouawa ndani ya chombo? Walikuwa na wazazi. Walikuwa na ndoto zile zile za Binti. Hakuna matanga, hakuna hata kikao kimoja cha kuwasomea majina. Chuo kimesamehewa, wavamizi wamesamehewa, na maiti wameachwa kwenye mabano.

Wazo la mwiba lakini halikuniacha, kwa sababu Pwani tunalijua. Wamijikenda husimamisha vigango, miti iliyochongwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, na kigango kikishasimama hakihamishwi. Viliibwa kwa miaka mingi, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji wa sanaa, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za watu Marekani. Makumbusho ya Denver ilirudisha 30. Ukiuliza wazee kuhusu vilivyong'olewa watakutajia yaliyofuata: ukame, magonjwa, vifo katika boma. Yaani hadithi ya Okorafor, mtu anaiishi Kilifi na Kwale. Tofauti ni kwamba kule bomani wanaolipia wanatajwa majina.

Kitabu ambacho nimekaa nacho kuliko vyote ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa hapa hapa Mombasa. Muswada wake ulishinda tuzo ya kwanza ya Graywolf ya riwaya ya Kiafrika mwaka 2018, kitabu kikatoka 2021, na 2022 kikawa cha kwanza kabisa kupata tuzo ya Ursula K. Le Guin. Nakala niliyoisoma ilikuwa imepitia mikono minne kabla yangu, na mmoja wa hao wanne ameipigia mistari kwa kalamu ya kijani sehemu zote za paka. Namwelewa.

Aisha ni msichana wa Kihadhrami wa Mombasa. Baba yake, Ali, ni mvuvi, na siku moja harudi. Nyanya yake, Hababa, anajua kungoja. Aisha hajui. Anaingia baharini katika chombo kilichotengenezwa kwa mifupa, akiwa na paka msomi aitwaye Hamza, na huko wanakutana na majitu ya baharini, moja baada ya jingine, ambayo hayashindwi kwa panga. Yanataka maneno. Yanataka jibu la kweli kutoka kwa mtoto ambaye bado hajajijua.

Nusu hiyo ya kwanza ni kazi ya hali ya juu, na sisemi hivyo kwa sababu Khadija ni wa kwetu. Kiingereza chake kina uzito wa Kimvita. Sentensi zinazunguka kama mazungumzo ya watu wazima pale ambapo lisemwalo si lile linalokusudiwa. Bahari yake si ya picha za hoteli. Ni bahari ya mtu ambaye chakula chake kinatoka humo na siku moja bahari inaweza kubadilisha mawazo.

Kisha Aisha anarudi, na kitabu bado kiko katikati. Hapa wengi hukiweka chini. Kunguru wanaanza kuongea, wana siasa zao, wana mizozo ya ukoo. Majirani wana maneno. Kuna habari za ndoa. Mwendo unapungua mpaka unahisi umeingia foleni ya feri saa kumi na mbili jioni. Kunguru nao, kurabu tunavyowaita, kwetu ni kero inayokunyang'anya sambusa mkononi, serikali hata ilitangaza 2024 mpango wa kuwaua milioni moja. Kuwapa kunguru haiba ya wanasiasa ni ujasiri. Lakini kuna kurasa ambazo nilitamani mtu awarushie jiwe.

Ninachokitetea ni sababu ya polepole hiyo. Bajaber anakataa kumaliza hadithi baba anapopatikana, kwa maana malipo hayajaanza. Msichana ameona kilichoko chini ya maji. Sasa anatakiwa akae nyumbani, anyamaze, aposwe. Watu aliowaokoa hawana pa kumweka. Kila kikombe cha chai ni kidogo kuliko jana. Mwandishi mvivu angemrudisha Aisha na sherehe. Huyu anatuonyesha deni likilipwa kidogo kidogo, ndani ya nyumba, mbele ya jamaa wanaompenda. Sijaona fantasia nyingine iliyoandika hivyo habari za msichana wa Pwani anayetaka kutoka, na najua wasichana watatu wa mtaani kwetu ambao wangeisoma na kufunga mlango.

Lawama yangu nyingine siielekezi kwa mwandishi. Kitabu hiki cha Mombasa kimeandikwa kwa Kiingereza, na nyanya wa mtu kama Hababa hawezi kukisoma. Tafsiri ya Kiswahili ingehitaji mtu anayekijua Kimvita hasa, si cha redio. Mpaka hapo, majini yetu yataendelea kusafiri kwa pasipoti ya watu.

Na hili linanipeleka kwa Katama Mkangi. Walenisi ilitoka 1995, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu wa Kilifi, msomi wa sosholojia aliyewekwa kizuizini enzi ya Moi miaka ya 1980. Ni hadithi ya kisayansi bila wasiwasi wowote. Dzombo, mwenye jina la mlima ulioko Kwale, anahukumiwa kifo katika nchi yenye utawala wa kikatili, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Anafaulu kukiongoza kile chombo. Anatua Walenisi, dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa haki na usawa. Ligawanye jina hilo polepole na utasikia anachokisema: wale ni sisi.

Nimewauliza wenzangu wanaopenda fani hii, wanaokujulisha kila msimu wa kila tamthilia ya angani, na mmoja tu ndiye aliyewahi kukisikia. Tunazunguka tukisema Waswahili hatuna hadithi za kisayansi, na iko pale, imeandikwa na jirani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Ni nzuri? Nusu. Mwanzo wake ni moto. Mtu aliyefungwa bila kosa la maana anajua namna mlango wa chuma unavyosikika kwa ndani, na huwezi kusoma hukumu ya Dzombo bila kumhisi mwandishi pale. Wazo la dola kugeuza sayansi yake bora kabisa kuwa kitanzi ni wazo ambalo Wamarekani wangelitengenezea filamu tatu. Hapo bei iko wazi: mtu amesema ukweli, amelipa na dunia yake yote, hatarudi tena.

Tukishafika Walenisi, kitabu kinalegea. Dzombo anatembezwa na kuelezwa. Hapa hivi, pale vile, sisi hatuna hiki, sisi tulishaacha kile. Kila anayekutana naye ana hotuba tayari. Najua Mkangi alitaka kutuonyesha kwamba haki inawezekana, na katika Kenya ya wakati ule kuwaza tu hivyo kulikuwa na gharama. Lakini paradiso yake ni ya bure. Nilitaka kujua Walenisi walipitia nini mpaka wakafika pale, nani alipoteza shamba, nani alikataa, ndugu gani hawaongei mpaka leo. Jamii haibadiliki kwa kuelewa tu. Kama wale kweli ni sisi, basi wana makovu yetu pia, na nilitaka kuyaona.

Ukitaka kuona Kiswahili kikifanya hivyo vizuri, rudi nyuma zaidi, kwa kitabu ambacho shule zimekifanya kionekane kama dawa chungu. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ni nchi inayoelea angani. Hilo pekee lingetosha kukiweka rafu moja na hawa wengine, lakini tumefundishwa kukisoma kama orodha ya maudhui na tukakinai. Karama anashtakiwa, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na maarifa ya kuifaa nchi. Kila mmoja anatupwa gerezani.

Kiswahili chake ni kizito na majina ya watu ni mawaidha matupu; anayeshtaki anaitwa Majivuno, basi huna haja ya kubahatisha. Lakini angalia ujenzi. Ajabu ni nyingi, safari ni za kushangaza, na baada ya kila safari anakuonyesha mlango wa jela ukifungwa. Mara sita. Ukifika wa nne unaanza kumwomba mjumbe asirudi. Utetezi wote wa Karama ni kazi ya kuwataja waliolipa, mmoja mmoja, kwa jina, mbele ya watu wasiotaka kusikia. Miaka 70 na zaidi baadaye, Fourth Wing haijajifunza hilo.

Naongeza filamu moja ingawa hapa tunazungumzia vitabu. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, ina dakika kama 20 tu. Maji yameisha duniani baada ya vita, watu wanaishi ndani, na hata jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Asha anapata udongo unaoonyesha dalili ya uhai, anatoroka nao na mbegu jangwani, anapanda, na anaufunika mche kwa mwili wake mwenyewe. Malipo yote ni yake, na hakuna hotuba. Mtu wa Kisauni anayeamka kusikiliza kama mkokoteni wa mitungi umepita, ambaye maji ya kisima kwao ni ya chumvi hata sabuni haitoi povu, haoni kama hiyo ni hadithi ya kesho.

Na hapa ndipo ninapofikia kinachonikera zaidi. Fantasia ya Mombasa, ikiandikwa, inakaa kisiwani: Mji wa Kale, milango ya kuchonga, nyumba za matumbawe. Sina ugomvi, ni pazuri, na Bajaber ana haki zote za mtaa wake. Lakini huku bara tunaonekana kama hatuna ajabu, tuna matatizo tu. Tumeachiwa magazeti.

Hebu chukua Owino Uhuru, kule Mikindani. Kuanzia 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu. Madini ya risasi yakaingia hewani, majini, udongoni, na kwenye damu za watoto. Kiwanda kilifungwa 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira 2015, na 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Moshi usioonekana kazi yake, mtoto anayebadilika polepole, mama anayeanza kuuliza maswali ambayo hakuna anayetaka kuyajibu: hiyo ni riwaya ya kisayansi, imekamilika, inakosa mwandishi tu.

Au chukua kivuko. Hadithi za majini ya feri zimejaa Likoni na Mtongwe, na nyingine ni tamu kusikiliza. Lakini tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, na feri ile ilikuwa imebeba kupita kiasi. Kuna aina ya hadithi ambayo ukiipeleka pale itasema bahari ilidai sadaka. Hiyo ndiyo hadithi mbovu kuliko zote nilizozitaja, kwa maana inamwandikia jini deni la watu. Anayeandika fantasia ya kivuko itabidi achague: jini wake atawafunika waliokosa, au atakuwa ndiye pekee anayekumbuka majina yote 272. Mimi ningesoma hiyo ya pili hata kama ina kurasa mia saba na imechapishwa vibaya.

Kwa sasa, ukiwa na pesa au bahati ya kuazima kitabu kimoja tu, tafuta The House of Rust na uwe na subira na kunguru. Ukitaka raha kwanza, Amina al-Sirafi. Binti isome, kisha ubishane nayo. Kusadikika bila shaka iko nyumbani kwenu, chini ya rundo la vitabu vya kidato; itoe, pangusa vumbi, isome kama hutaulizwa swali lolote. Na ukikutana na nakala ya Walenisi katika vile vibanda vya vitabu vikuukuu, usimwachie muuzaji. Soma mpaka chombo kinapotua, halafu chukua daftari, uandike mwenyewe yale makovu ambayo Mkangi aliyaruka.